Mama Gundi na Mmea wa Mwambani

Ukimwambia mtu kwamba kuna mama amekaa miaka thelathini na moja katika chumba kimoja akibandika majani makavu kwenye karatasi, atacheka. Acha acheke. Hata mimi nilicheka, mpaka niliposimuliwa habari za Alhamisi ile na Ijumaa yake, na toka hapo sichezei kazi ya mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma kabisa ya jengo la idara, ukimaliza korido, mkono wa kushoto. Makabati ya bati kutoka sakafuni hadi darini, harufu ya dawa ya wadudu inayokaba koo, meza moja ndefu iliyopauka, na dirisha lililopasuka kioo pembeni likazibwa kwa utepe. Ndani ya makabati mlikuwa na mimea elfu tisini na ushee, kila mmoja umelala kwenye karatasi yake ngumu, na kila karatasi ina lebo upande wa chini kulia: jina la mmea, nani aliuchuma, lini, na mahali ulipokuwa ukiota. Kuandika lebo ni kazi ya wenye shahada. Kazi ya Mama Gundi ilikuwa kuukausha mmea kwenye kibanio katikati ya magazeti, kuulaza uonekane mbele na nyuma, kuubandika kwa gundi na vipande vyembamba vya karatasi, na vile vinavyodondoka, mbegu, petali, vumbi la mizizi, kuvitia kwenye kibahasha na kukigandisha kwenye kona ya juu. Hakuna kinachotupwa.

Na hakuna kinachofutwa. Mtaalamu akiona lebo ina kosa, hana ruhusa ya kuikwangua wala kuipiga mstari. Anaandika kikaratasi kipya, anatia jina lake na tarehe, kinabandikwa chini ya lebo ya zamani, ili atakayekuja kesho aone nani alisema nini. Kuna karatasi zina vikaratasi sita, wasomi wanapigana vijembe humo kama wake wenza, na wengine wameshakufa.

Jina hilo la Mama Gundi alipewa kwa sababu ya vidole vyake, maana muda wote vilikuwa na ngozi ya gundi iliyokauka, naye alikuwa akiibandua anapoongea. Mjane, binti mmoja ameolewa mbali, mdogo wake wa kiume amemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Shahada hana. Lakini maringo ya kazi alikuwa nayo, tena ya kutosha. Kila mgeni aliyeletwa chumbani kujifunza alipokewa kwa maneno yaleyale: "Mwanangu, mkono huu haujawahi kubandika uongo." Kisha anaunyanyua mkono wenyewe, na magamba yake ya gundi.

Sasa, katika elfu tisini hizo, karatasi yenye heshima kuliko zote ililala ndani ya jalada jekundu. Jalada jekundu maana yake ni kwamba mmea uliomo ndio ule wa kwanza uliopewa jina. Ukitaka kujua spishi hiyo ni ipi, popote ulipo duniani, huna budi kurudi kwenye karatasi hiyo. Mmea wenyewe ukiuona unaweza kusema, ndio huu tu? Kimo cha kidole. Ni wa familia ile ya majani manene, inayokunywa maji siku ya mvua na kuyaweka akiba majanini, ndiyo maana inaota pasipo udongo, kwenye ufa wa mwamba, juani. Milimani kule mna ndugu wawili wanaofanana kama pacha. Wa kawaida ana majani mviringo kama punje ya mtama na maua ya petali tano. Huyo amejaa kila mahali. Wa nadra ana majani bapa kidogo, na ua lake lina petali sita. Bila maua, hata Profesa mwenyewe aliwachanganya.

Profesa ndiye aliyeuchuma, miaka kumi na tisa iliyopita, na ndiye aliyeupa jina: jina la mkewe aliyekuwa amefariki mwaka uleule. Lebo ilisema unaota mlima wa chokaa, kwenye nyufa za mwamba mweupe. Serikali ikauzungushia mlima ule uzio kwa heshima ya mmea huo. Tatizo ni kwamba tangu siku ile hakuna aliyeuona tena mlimani. Profesa alipanda, akapanda, akarudi na wa petali tano tu. Akasema mbuzi wameumaliza kabla uzio haujawekwa.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, Mkuu wa idara alitia saini barua. Wenye machimbo ya mawe walitaka kushusha ukuta wa mwisho wa mlima mweusi, ule unaotazama mji, na ofisi ya vibali ikauliza: hapo pana mmea wowote wa nadra? Mkuu akaangalia makabati. Mlima mweusi: mmea wa mwambani wa kawaida, basi. Akaandika, hakuna. Kulipua kukapangwa Ijumaa saa sita mchana.

Alhamisi saa tisa, Mama Gundi alikuwa anarudisha karatasi mbili zilizotolewa kupigwa picha kwa ajili ya barua hiyo, ile ya jalada jekundu na ile ya mmea wa kawaida wa mlima mweusi. Akaona kibahasha cha jalada jekundu kimeachia gundi upande mmoja. Hapo ndipo tabia ya kazi ilipomponza. Mwingine angefunga kabati aende zake nyumbani. Yeye akavaa miwani, akakibandua chote ili akigandishe upya, na kibahasha kikainama, na punje nne tano zikamwagika juu ya meza.

Zilikuwa nyeusi. Nyeusi zenye ulanga, zinametameta.

Mama Gundi akazitazama. Mwamba wa chokaa ni mweupe, vumbi lake jeupe, hata mtoto anajua. Na vumbi hili jeusi la kumeta yeye alilijua kuliko alivyojua uso wake, kwa sababu mdogo wake ni fundi baruti wa machimbo ya mlima mweusi, na kabla hajaoa, miaka minane mizima, nguo zake za kazi zilifuliwa na mikono hiyohiyo ya gundi. Kila Jumamosi beseni lilibaki na matope meusi yanayong'aa chini. Alilisugua, akalilaani, likamwingia kwenye kucha.

"La," alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "La, la, la."

Akafungua kibahasha cha ile karatasi nyingine, inayodai kutoka mlima mweusi. Ukamwagika unga mweupe.

Akavuta stuli, akakaa. Kabatini palikuwa na chupa ya siki, maana siki husafisha brashi. Akachovya sindano, akadondosha tone moja kwenye unga mweupe. Ukatoa povu, vuuu, kama chokaa yoyote inavyofanya ikikutana na siki. Akadondosha tone kwenye punje nyeusi. Kimya. Zikabaki zimelowa tu, zinamtazama.

Na hapo, jamani, akakumbuka sufuria.

Mimea ya majani manene haifi kirahisi. Uibane, uifunike kwa magazeti, uiwekee mawe juu. Wiki tatu baadaye bado inaishi kwa maji yake ya akiba, inarefuka gizani, inachanua humohumo kibanioni. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile miwili ya Profesa. Alikuwa ameichuma safari moja, mmoja mlima wa chokaa na mmoja mlima mweusi, mvua inanyesha, yote haijachanua, akaiona ni kitu kimoja. Kibanio kilipofunguliwa wakakuta vichipukizi na maua ya manjano yamepondeka lakini hai. "Ichemshe," Profesa akasema, akaondoka zake. Dawa yake ndiyo hiyo: unaitumbukiza kwenye maji yanayochemka, unahesabu mpaka thelathini, inakufa, ndipo inakubali kukauka. Namba ya mmea imeandikwa kwenye gazeti, si kwenye mmea. Kwa hiyo unachemsha mmoja, unaurudisha kwenye gazeti lake, ndipo unachukua wa pili.

Siku ile Mama Gundi alichemsha yote miwili kwa pamoja. Haraka ya nini? Hakuna haraka. Hakuwa na mgonjwa nyumbani, hakuwa na msiba. Alijiamini tu. Alisema, mimi na macho yangu haya, nitashindwa kutenganisha vitawi ishirini? Na kutenganisha alitenganisha vizuri kabisa, wa majani bapa huku, wa majani mviringo kule. Lakini magazeti mawili yalikuwa yameloa mvuke pale mezani, na lipi ni la nani, akakisia. Dakika moja hiyo. Akabandika, akapata sifa, na kwa miaka kumi na tisa akawaambia watoto wa watu kwamba mkono wake haujawahi kubandika uongo.

Saa yake ya mkononi ilisema saa kumi kasoro. Mmea ule haukuwa wa mlima wa chokaa na haukupata kuwako huko. Ulikuwa wa mlima mweusi, uliobakiza ukuta wa mwisho tu, na kesho saa sita ukuta ungeshuka.

Akapiga mlango wa Mkuu. Umefungwa, Mkuu yuko kikaoni mpaka jioni, na simu ameizima. Basi akatoka, na badala ya kwenda kwake, miguu ikampeleka kwa mdogo wake.

Watu walimwita Baruti, na alifanana na jina: mfupi, mnene, anaongea kwa kulipuka. Alikuwa barazani anavua buti, mkewe anamwaga maji ya kunawa. "Dada! Leo umetukumbuka. Wifi yako ameivisha sasa hivi, hukosi kitu, una mguu mzuri wewe."

"Sili. Mmeshatoboa?"

"Nini?"

"Ukuta. Mashimo."

"Thelathini na mawili," Baruti alisema kwa fahari. "Yote yamejaa, waya tayari. Kesho mwambie huyo Mkuu wenu ashike kikombe chake cha chai. Huu ukuta ukilala, kazi ya miaka miwili ipo. Mimi na watu wangu tumepona."

Mama Gundi akaangalia buti zile chini. Zilikuwa zinametameta. Neno likamfika mdomoni, likarudi. Atamwambia nini? Kwamba kesho atakwenda kumnyang'anya kazi? Yule aliyemlea, akamsomesha mpaka alipoishia, leo amvue nguo mbele ya mkewe kwa ajili ya jani la kimo cha kidole? Na kama hawatamwamini, si atakuwa amemtia mtu presha bure? Aliogopa, ndivyo ilivyokuwa, tusimpambe. Aliinuka akasema kichwa kinamuuma.

"Dada, una nini lakini?" Baruti aliuliza.

"Uzee."

"Uzee huo umeanza leo saa ngapi?" Wakacheka wote wawili, yeye kicheko cha meno tu.

Ijumaa saa mbili kamili alikuwa mlangoni kwa Mkuu kabla Mkuu hajafika. Akamwambia yote, kasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Mkuu alikuwa mtu mwema lakini mwoga, wale wanaosoma barua yao mara nne kabla ya kuituma. Rangi ikamshuka.

"Mama Gundi, unajua unachosema? Ule uzio. Ile barua yangu. Jalada jekundu!"

"Najua."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi na Mungu."

Mkuu akapiga simu ofisi ya vibali. Akapata karani, mtu wa sauti kavu. Karani akasema hivi, na Mama Gundi alisikia kwa sababu simu ilikuwa wazi juu ya meza: "Mheshimiwa, sisi tunafuata karatasi zenu. Karatasi ikibadilika, nipigie picha, nasimamisha dakika hiyohiyo. Isipobadilika, siwezi kusimamisha watu arobaini kwa sababu ya hisia."

"Kubadilisha jalada jekundu ni Profesa," Mkuu akasema baada ya kukata simu, akijifuta jasho. "Aliyeupa mmea jina ni yeye."

Profesa alikuwa amestaafu, anaishi upande wa pili wa mji. Akafika saa nne na nusu, mrefu, mkongojo mkononi, shati limenyooshwa. Akamsikiliza Mama Gundi bila kumkatiza. Alipomaliza, akauliza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele: "Kibahasha hiki kimefunguliwa mara ngapi kwa miaka kumi na tisa?"

"Sijui, Profesa. Wageni wengi wamekitazama."

"Kwa hiyo punje inaweza kuwa imeingia kwa yeyote. Kwa mkono wako wewe, labda. Si una ndugu kule machimboni?"

Ala! Hapo Mama Gundi akahisi damu imempanda mpaka masikioni. Maana swali lilikuwa la haki. Angeulizwa na mgeni, naye angesema hivyohivyo.

"Basi tusitumie kibahasha," alisema. "Mizizi yenyewe niliibandika na uchafu wake, kama ulivyonifundisha. Kuna punje imebanwa katikati ya vijizizi, chini ya kipande cha karatasi nilichokigandisha mimi na hakijabanduliwa. Itoe wewe, kwa koleo lako."

Jalada jekundu haliguswi hivihivi. Mkuu alikuwa anatazama saa ya ukutani: saa tano na dakika tano. Profesa akainamisha taa, akavaa miwani ya kukuzia, akakinyanyua kipande kile cha karatasi kwa ncha ya wembe. Akatoa punje. Nyeusi. Akatoa ya pili. Akadondosha siki, akasubiri, akadondosha tena. Halafu bila kuambiwa akaivuta karatasi nyingine, akatoa punje kwenye mizizi yake. Povu likatoka palepale.

Akaliweka koleo chini.

"Nimepanda mlima ule mara kumi na moja," akasema. "Mara ya mwisho nilibebwa kushuka."

"Nisamehe, Profesa."

"Nilikuwa nawaambia watu, hapa ndipo alipo. Nasimama pale kwenye uzio nawaambia." Hakusema ni nani. Hakukuwa na haja.

"Profesa," Mkuu akasema, "saa tano na robo. Kikaratasi, tafadhali. Mistari miwili tu."

"Siandiki."

"Profesa!"

"Siandiki!" Mzee akapiga meza, chupa ya siki ikaruka. "Niandike nini? Kwamba mimi ni mpumbavu? Miaka kumi na tisa? Kosa si langu! Aliyekosea huyo hapo amesimama. Aandike yeye!"

Alisema kwa hasira, jamani, alisema ili kuumiza. Lakini Mama Gundi akaishika kauli ile kabla haijaanguka chini. Akavuta droo, akatoa kikaratasi cheupe, kalamu ya wino usiofutika, akakaa.

"Mama Gundi, subiri," Mkuu alisema. "Vikaratasi vinaandikwa na wataalamu. Wewe ni... kwa utaratibu wa idara..."

"Utaratibu huo umeandikwa wapi?"

Haukuandikwa popote. Haikuwahi kumpitia mtu yeyote akilini kwamba ungehitaji kuandikwa.

Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule ya msingi, herufi za duara. *Mmea huu haukutoka mlima wa chokaa. Umetoka mlima mweusi. Namba za mimea miwili nilizibadilisha mimi kwa uzembe, siku ya kuichemsha. Punje za mizizini ni ushahidi.* Halafu tarehe. Halafu jina lake kamili, lile alilopewa na baba yake, ambalo katika chumba kile hakuna aliyepata kuliona limeandikwa. Maelfu ya majina ya watu aliyabandika kwa mkono wake, la kwake lilikuwa hilo la kwanza. Akapaka gundi, akakibandika chini ya lebo ya Profesa, akakipitishia kitambaa mpaka kingo zikalala. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana vidole vilikuwa na gundi.

Mkuu akapiga picha, akaituma. Saa tano na dakika thelathini na moja. Akapiga simu, inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Saa tano na arobaini karani akapokea, akasema ameiona, anapiga machimboni sasa hivi. Kisha kimya. Mkuu akapiga: inatumika. Akapiga: inatumika. Mama Gundi akachukua simu yake, akampigia Baruti. Siku ya kulipua simu zote huachwa getini, alilijua hilo, lakini akapiga tu.

Kila mara walipolipua mlima, mji mzima ulijua. Vioo vilitikisika, mbwa wakabweka, na kile kioo kilichopasuka pale dirishani kilikuwa kazi ya mlima huohuo. Saa sita kasoro dakika mbili Profesa alisimama, akaenda akaweka kiganja chake juu ya kioo. Wote watatu wakakitazama kiganja kile. Saa sita. Saa sita na dakika moja. Mkuu alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi. Saa sita na dakika nne. Saa sita na kumi.

Profesa akaondoa mkono. Akachukua mkongojo wake, akatoka bila kuaga.

Baruti alikuja mwenyewe saa nane, na vumbi lake, mpaka kwenye mlango wa chumba, mahali ambapo hakuwahi kufika. Mama Gundi akajiandaa kwa matusi. "Wamesoma jina lako kwenye redio ya machimbo," alisema. "Jina lako lote. Watu wangu wananiuliza, huyo si dada yako? Nikasema ndiye." Akavuta pumzi. "Wameturudisha nyumbani, dada. Wote arobaini."

"Najua, mdogo wangu. Nilijua tangu jana."

"Jana! Umekaa kwangu barazani na jambo hilo tumboni?"

"Niliogopa."

Baruti akatazama ndara za dada yake. "Vaa viatu vya maana," akasema. "Nataka nikakione hicho kitu kilichonifukuza kazi."

Walipanda kwa njia ya mafundi, yeye akimshika mkono penye makorongo. Mama Gundi alikuwa amebandika maelfu ya mimea ya milimani, na mlimani hakuwa amepanda hata siku moja. Juu, karibu na ukingo, chini ya safu ya mashimo ambayo Baruti alikuwa ameshayang'oa waya, palikuwa na ufa mrefu kama mkono wa mtu mzima. Ndani ya ufa huo mmea ulikuwa umejipanga, majani bapa yamejaa maji, maua ya manjano yamefunguka juani. Akapiga magoti. Akahesabu petali kwa ncha ya kidole bila kugusa. Sita. Akahesabu vishina: kumi na saba. Furaha ikamjaa mpaka akacheka, kicheko cha kweli safari hii.

"Huu?" Baruti aliuliza nyuma yake. "Ndio huu wenyewe?"

"Ndio huu. Duniani kote ni hapa tu."

"Sisi tunauita manjano." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada, ungeniuliza tu. Kosa lenyewe lilikuwa mwaka gani?"

Akamwambia ni miaka kumi na tisa.

Baruti akahesabu kwa vidole. Kisha akasogea mpaka ukingoni, akanyoosha mkono mbele, pale ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa hewa, na chini kabisa magari ya kokoto madogo kama vibiriti.

"Mwaka huo mlima ulikuwa unafika kule," alisema. "Unaona lile tangi la maji? Mpaka pale. Na msimu kama huu, kuanzia pale tangini mpaka hapa tuliposimama, ulikuwa manjano matupu. Tulikuwa tunaukanyaga tukitoboa."

Mama Gundi akainuka, akaja akasimama kando yake, akaitazama ile hewa.

"Nionyeshe tena," alisema. "Kuanzia wapi?"